Nani Huzoa Machicha? Swali la Dhamana ya Kichocheo

Katika kemia ya sekondari kuna sentensi moja ambayo karibu kila mwanafunzi huikariri: kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kutumika wala kubadilika. Tuliisoma, tukaijibia mitihani, tukaiacha huko huko. Mimi leo ni mwanafunzi wa Kiswahili chuo kikuu, na sikutarajia kukutana nayo tena. Imenirudia, lakini safari hii imekuja kama swali la maadili. Je, anayeharakisha jambo bila yeye kuonekana katika matokeo yake ana dhamana juu ya matokeo hayo? Ama anaweza kusema kwa haki kwamba ameingia na kutoka akiwa vilevile?

Swali hili si la kubuni. Binamu yangu, niliyelelewa naye Molo, wilayani Tororo, amemaliza shahada ya kemia na amepata nafasi ya kusomea uzamili ng'ambo. Utafiti atakaoufanya unahusu chembe ndogo mno za metali zinazotawanywa ndani ya mafuta mazito ya petroli ili kuyageuza yawe mepesi. Ukoo mzima umefurahi. Mamake alikodisha sehemu ya shamba ili kijana amalize digrii ya kwanza, na shamba hilo bado halijarudi mikononi mwake. Lakini mwenyewe ana wasiwasi. Aliniuliza, "Ndugu yangu, wewe ni mtu wa maneno. Nikiyawezesha mafuta ambayo yangebaki ardhini yatoke yakachomwe, atakayehesabiwa ni nani, mimi au wanaoyachoma?" Sikuwa na jibu la haraka. Insha hii ni jaribio la kumjibu.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana si haki kuhukumu tusichokijua. Mafuta ghafi hayafanani. Yako mepesi yanayotiririka kama maji, na yako mazito kama uji wa wimbi uliopoa, au hata kama lami. Yaliyo mazito yana molekuli kubwa zilizoshikamana, mara nyingi yana salfa nyingi, na ndani yake mna metali kama nikeli na vanadi. Hazina kubwa za aina hiyo ziko Venezuela, katika ukanda wa mto Orinoco, na Kanada, katika jimbo la Alberta. Karibu nasi zaidi, kisiwa cha Madagaska kina mafuta mazito ya Tsimiroro. Ili kuyatoa mafuta ya namna hii, mara nyingi huchomwa gesi kuchemsha maji, na mvuke wake husukumwa ardhini mpaka mafuta yalainike.

Mafuta ya Afrika Mashariki yana ugumu wa namna nyingine. Yale ya Ziwa Albert, yaliyothibitishwa mwaka 2006, na yale ya Lokichar huko Turkana, yaliyogunduliwa mwaka 2012, yamejaa nta. Salfa yake ni kidogo, lakini yakipoa huganda. Ndiyo maana bomba la kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani karibu na Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa joto ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 hivi za selisiasi. Kenya nayo ilipoanza kusafirisha mafuta ya Turkana kwa malori hadi Mombasa mwaka 2018, ilibidi yabebwe katika matangi yanayoyatunza yakiwa na joto. Kwa hiyo, ingawa mafuta yetu si lami ya Alberta, kazi iliyo mbele ya mhandisi ni ya ukoo mmoja: kukifanya kilichogoma kitiririke.

Binamu yangu alinieleza kazi ya chembe hizo kwa mfano ambao kila mtu wa Molo anaufahamu, mfano wa ajon, ambayo wengine huiita malwa. Unga wa wimbi huloweshwa, hufunikwa siku kadhaa mpaka uchachuke, kisha hukaangwa juu ya moto. Baadaye huongezwa kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likaanikwa na kusagwa. Wanga uliomo katika wimbi ni molekuli ndefu kama minyororo. Vimeng'enya vilivyomo katika kimea huikata minyororo hiyo iwe sukari, na hamira huigeuza sukari kuwa kileo. Bila kimea utabaki na uji mchachu. Mafuta mazito nayo ni minyororo na mafundo. Ukiyapasha joto la nyuzi mia nne na zaidi, mafundo hukatika. Shida ni kwamba vipande vilivyokatika hutafutana tena, hushikana, na kuwa kitu kigumu cheusi kama makaa. Hapo ndipo zinapoingia chembe za molibdeni, nikeli au kobalti. Huiwezesha haidrojeni kuziba ncha za vipande hivyo kabla havijashikana. Na kwa kuwa chembe ni ndogo sana, metali kidogo hupata uso mkubwa wa kufanyia kazi. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wa binadamu una unene wa maelfu mengi ya nanomita. Gramu mia kadhaa za metali zilizotawanywa vizuri zinaweza kuitosha tani nzima ya mafuta.

Haya si mambo ya maabara tu. Huko Sannazzaro, Italia, kiwanda kinachotumia molibdeni iliyotawanywa ndani ya mafuta kilianza kazi mwaka 2013. Wapo pia watafiti wanaotaka kuzipeleka chembe hizo chini kabisa, ndani ya mwamba, ili mafuta yabadilike kabla hata hayajatolewa. Hapo ndipo swali la binamu yangu linapokuwa zito. Uzito wa mafuta yale ulikuwa kama kufuli. Yeye anakwenda kusomea ufunguo.

Sasa tuje kwenye hoja. Sisi watu wa mpakani tunamjua kichocheo mwingine, na huyu hana haja ya maabara. Neno bodaboda lilizaliwa hapa, katika miaka ya 1960, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha watu na mizigo yao kati ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya, huku wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka. Mwendesha boda hanunui wala hauzi. Huchukua mzigo upande huu, huufikisha upande ule, hurudi vilevile alivyokwenda. Tuseme basi amebeba madumu ya petroli ya magendo kupitia njia ya panya. Ukimuuliza kama anashiriki kosa, atakupa majibu matatu. La kwanza: mzigo huu ungevuka tu, nikikataa mimi atabeba mwingine. La pili: mali si yangu, mimi ni mbebaji. La tatu: ninachobeba ni kidogo mno. Nimegundua kwamba majibu haya matatu ndiyo pia ngao za wasomi. Tuyapime moja moja.

Jibu la kwanza linasema jambo lingetokea tu. Kemia yenyewe inaonekana kuliunga mkono, kwa sababu kichocheo hakibadilishi mahali mmenyuko unakoelekea. Kinachobadilika ni mwendo. Lakini katika maisha ya binadamu, mwendo si jambo dogo. Mafuta yaliyolala ardhini miaka mamilioni yangeweza kulala mamilioni mengine bila kumdhuru mtu. Misitu na bahari hunyonya sehemu ya hewa ukaa tunayoitoa kila mwaka. Kinachovuruga mvua na misimu yetu ni kwamba tunaitoa kwa kasi inayoshinda uwezo wa kunyonywa. Ukisema "mimi naharakisha tu," umekiri shtaka lenyewe.

Anayeona mwendo si kitu aikumbuke Januari 2022. Madereva wa malori waligoma kwa sababu ya masharti ya kupimwa Korona mpakani. Petroli ilikuwepo Kenya, wanunuzi walikuwepo Uganda, barabara ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kasi ya kuvuka tu. Malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi upande wa Kenya, na katika baadhi ya miji ya Uganda lita moja ya petroli ikauzwa hadi shilingi elfu kumi, zaidi ya mara mbili ya bei ya kawaida. Waliokuwa na wagonjwa wa kupeleka hospitalini wanajua maana ya mwendo. Kama kuchelewesha kunaweza kuwaumiza watu, na kuharakisha pia kunaweza.

Kuhusu maneno "atabeba mwingine," yana kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni kwamba kila mtu anaweza kuyasema kwa zamu mpaka kosa likose mwenyewe, na hali madumu yamevuka. Kasoro ya pili ni kwamba si kweli kila mara. Wa kubeba dumu ni wengi. Wa kutengeneza chembe za nikeli zisizogandamana ndani ya mafuta ya moto ni wachache duniani. Kadiri ujuzi unavyokuwa adimu, ndivyo mwenye nao anavyokosa umati wa kujificha ndani yake.

Jibu la pili linasema mali si yangu, mimi siingii katika zao. Hapa ndipo nilipopata mshangao mkubwa zaidi katika maelezo ya binamu yangu. Ile sentensi tuliyoikariri sekondari haisimami vizuri katika kazi hii. Vichocheo vya kawaida vya viwandani, vilivyopangwa ndani ya mtambo, huzibwa na nikeli na vanadi zinazotoka katika mafuta mazito, vikafa. Ndiyo sababu mojawapo ya kutumia chembe zilizotawanywa. Lakini chembe zilizotawanywa nazo huenda pamoja na mafuta, na nyingi huishia katika masalio mazito ya chini. Kiwanda kizuri huzirudisha na kuzitumia tena, lakini hata hapo sharti sehemu ya masalio iondolewe kila mara ili metali nyingine zisijae. Na zile zinazopelekwa ndani ya mwamba, nyingi zitabaki humo. Kwa hiyo si kweli kwamba kichocheo huingia na kutoka kikiwa safi. Kina machicha yake.

Turudi kwenye chungu cha ajon. Wanywaji hukizunguka wakiwa na mirija mirefu yenye kichujio kwenye ncha. Kichujio kinawaletea kinywaji na kuacha machicha chungu chini. Mnywaji akimaliza huinuka akaenda zake, na kama hakuwahi kuishi katika nyumba inayopika ajon, anaweza kudhani kimea kilitoweka. Mwenye nyumba anajua kwamba hakikutoweka. Jioni ndiye anayekimwaga chungu na kuzoa kilichobaki. Kwa bahati njema, machicha ya wimbi yanaliwa na kuku na nguruwe. Machicha ya molibdeni, nikeli na vanadi hayampi kuku yeyote chakula. Basi swali la kwanza la maadili kuhusu kichocheo chochote ni la kawaida kabisa: nani huzoa machicha?

Uganda inalo jibu la kuhuzunisha katika historia yake. Mgodi wa shaba wa Kilembe, karibu na Kasese, ulianza uzalishaji mwaka 1956. Shaba yake iliyeyushwa Jinja, ikapakiwa kwenye reli, ikapita Tororo na Malaba kwenda Mombasa. Watu wa kwetu waliiona ikipita. Wakati mgodi uliposimama, kando ya Kasese kulikuwa kumebaki malundo ya masalio yenye salfa, chuma na kobalti. Mvua ikawa inayanyeshea, na maji yenye asidi yakatiririka hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, yakaua uoto njiani. Waliofaidi shaba hiyo walikuwa wametawanyika duniani kote. Machicha yalibaki Kasese. Kisha, kuanzia mwaka 1999, kampuni moja ikaanza kutoa kobalti katika malundo hayo kwa kutumia bakteria, yaani vichocheo vyenye uhai. Kisa hiki kina pande mbili. Kinaonyesha kwamba masalio yanaweza kuwa mali ujuzi ukipatikana. Kinaonyesha pia kwamba kati ya faida ya kwanza na ujuzi wa pili palipita miaka mingi, na kwamba kuna watu walioishi katika miaka hiyo.

Tena, kobalti haianzii maisha yake ndani ya mtambo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa maeneo ya Kolwezi na Lubumbashi, ambako sehemu yake huchimbwa kwa mikono, na watoto wamekuwa miongoni mwa wachimbaji. Kwa hiyo chembe hata kabla haijaingia katika mafuta ina historia, na baada ya kutoka ina kaburi. Anayesema "sionekani katika zao" anatazama katikati ya safari tu.

Jibu la tatu linasema ninachobeba ni kidogo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na wengi huichukua methali hii kama wito wa umoja. Mimi naisoma pia kama onyo: chawa akivunjika, hakuna kidole kinachoweza kusema hakikuwepo. Katika suala la vichocheo, udogo wa kiasi hauna utetezi wowote, kwa sababu maana nzima ya kichocheo ni kwamba kidogo kinafanya mengi. Konzi chache za kimea hubadilisha chungu kizima. Mtu hawezi kujisifu katika maombi ya ufadhili kwamba gramu zake chache zitageuza tani nzima, kisha mbele ya maadili akasema ni gramu tu.

Kuna sura nyingine ya hoja hii ambayo ni ya haki zaidi, nayo sitaki kuipita. Watafiti husema kichocheo kinapunguza nishati inayohitajika. Mafuta yakilainishwa mapema, mvuke mdogo utachemshwa, na gesi kidogo itachomwa kwa kila pipa. Ni kweli, na si jambo la kudharau. Lakini mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons alionyesha jambo kuhusu makaa ya mawe: mashine za mvuke zilipotumia makaa machache kwa kazi ileile, Uingereza haikuchoma makaa machache. Ilichoma mengi zaidi, kwa sababu sasa mashine zililipa mahali ambapo zamani zilikuwa hasara. Vivyo hivyo pipa la mafuta mazito linapopungua gharama, mapipa yaliyokuwa hayana thamani yanaingia sokoni. Kila pipa linakuwa safi kidogo kuliko lilivyokuwa, na mapipa yanaongezeka. Anayetaja nusu ya kwanza bila ya pili hajasema uongo, lakini hajasema ukweli wote.

Hadi hapa huenda msomaji anadhani nitamshauri binamu yangu akae nyumbani. Subiri kwanza, kwa sababu kuna pingamizi kubwa, nalo linatoka upande wangu mimi. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulaumu mradi wa bomba la Hoima hadi Tanga kwa sababu za haki za watu na mazingira. Viongozi wa Uganda walijibu kwa hasira, na vijana wengi niliosoma nao waliungana nao. Walisema, wale waliotajirika kwa makaa na mafuta kwa karne mbili leo wanatuambia tuyaache ya kwetu ardhini. Mashine ya kusaga wimbi Molo inatumia dizeli. Pikipiki inayompeleka mama mjamzito zahanati usiku inatumia petroli. Hata hii kalamu imeletwa na lori. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Pingamizi hili nalikubali kwa moyo wote, kwa kadiri linavyokwenda. Aliyechoma zaidi anapaswa kujizuia kwanza. Ila hebu tutazame linatetea nini. Linatetea haki ya mhitaji kutumia nishati. Je, linatetea kila utafiti wa mafuta mahali popote? Ujuzi atakaoupata binamu yangu unafaa zaidi mafuta ya Orinoco na Alberta, si dizeli ya Molo. Ukifanikiwa, hakuna anayeahidi kwamba lita moja itashuka bei Tororo. Kwa hiyo tukitumia dhiki ya Molo kuhalalisha faida ya Alberta, tutakuwa tumewakopesha matajiri njaa yetu bila wao kuilipia. Hitaji la maskini ni hoja nzito. Kwa sababu ni nzito, lisitumike mahali ambapo maskini mwenyewe hayupo.

Hata hivyo sioni haki ya kumtaka mtoto wa mwanamke aliyekodisha shamba awe na usafi ambao dunia haikuwataka wengine wawe nao. Hapa inanisaidia kutofautisha maneno mawili ambayo sisi huyachanganya, hatia na dhamana. Hatia hutazama nyuma na huuliza nani alifanya. Dhamana hutazama mbele na huuliza nani yuko mahali pa kujua na pa kusema. Mwanakemia hana hatia ya kila moto utakaowashwa kwa mafuta aliyoyalainisha, kama vile fundi wa jembe asivyo na hatia ya kila mpaka uliolimwa kwa dhuluma. Lakini ana dhamana ya yale ambayo yeye anayajua kabla ya wengine: kichocheo chake kitaharakisha nini, kwa faida ya nani, na machicha yatalala wapi.

Mfano ulio wazi ni wa Fritz Haber wa Ujerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20 alionyesha jinsi ya kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni kupata amonia kwa msaada wa kichocheo, na viwanda vikaendeleza njia hiyo kwa kutumia chuma. Mbolea iliyotokana nayo inalisha sehemu kubwa ya dunia hadi leo. Amonia hiyohiyo ilitengenezewa baruti wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Haber mwenyewe alisimamia matumizi ya gesi ya klorini huko Ypres mwezi Aprili 1915. Chuma kilichokuwa ndani ya mtambo hakikuweza kuuliza amonia inakwenda shambani au vitani. Haber aliweza. Tofauti yote kati ya chembe na mtu iko katika uwezo huo mmoja wa kuuliza. Mtafiti anayeuacha amejishusha mwenyewe hadi kuwa chembe.

Basi nimemwandikia binamu yangu aende, na nimemwekea mambo matatu. La kwanza, katika tasnifu yake awe na sura inayohusu machicha: metali zake zilichimbwa wapi, asilimia ngapi ilirudi, na iliyobaki imekwenda wapi. Asiiache kwa sababu haimo katika swali la utafiti. La pili, kila anapoandika kwamba mbinu yake inapunguza nishati kwa pipa, aandike pia kwamba inaweza kuongeza mapipa. La tatu, akumbuke kwamba ujuzi wa kukata molekuli kubwa una milango mingi. Kobalti na molibdeni hizohizo ndizo zinazotumika kuondoa salfa katika dizeli, na tangu mwaka 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango kinachotaka dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Hiyo ni faida inayofika moja kwa moja katika mapafu ya watoto wanaouza ndizi kando ya malori ya Malaba. Mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika na taka za plastiki nazo ni minyororo mirefu inayongoja mtu wa kuikata. Akiwa na ujuzi huo anaweza kuchagua mlango wa kuingilia. Asipokuwa nao, watachagua wengine.

Alinijibu siku ya pili. Alisema mawili ya mwisho ni mepesi, ila la kwanza linamtia hofu, kwa sababu profesa atakayemsimamia huenda asipende sura ya machicha katika utafiti unaolipiwa na watu wa mafuta. Nikamwambia aiombe mapema, kabla hajaanza, tena kwa adabu na kwa maandishi. Akiruhusiwa, dhamana yake itakuwa imepata mahali pa kukaa. Akikataliwa, atakuwa amejua mapema ni chungu gani amekaribishwa, na bado atakuwa na nafasi ya kuamua kama atauchukua mrija.